Maharagwe ya Ijumaa

Sokoni Tunduma samaki wa Ziwa Rukwa hufika wamekaushwa kwa moshi, wamepangwa mafungu: perege huku, kambare kule, mkia wa kambare umekunjwa ukachomekwa mdomoni kama pete. Simama pembeni kidogo utamwona mteja wa namna moja. Anawapita kambare kama hawapo, anainamia perege, anawapapasa, anaanza kupatana bei. Muuza samaki hana haja ya kuuliza. Anamgeukia mwenzake: "Huyo Msabato." Kambare hana magamba, na sura ya 11 ya Mambo ya Walawi inataka samaki awe na mapezi na magamba. Hatua chache kutoka hapo kitimoto inachemka kwenye mafuta, inawangoja madereva wa malori walio kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde. Mteja wetu huko nako hatii mguu.

Huku Songwe sheria hiyo tumeijua kwa mkono wa Wasabato, ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Upare mwaka 1903 wakaanzia Giti. Lakini wao waliirithi. Wenye sheria hasa ni Wayahudi, na sinagogi hatuna, si Tunduma, si Vwawa, si Mlowo. Ukitaka kumwona Mwafrika wa huku kwetu aliyeamua kuishi na sheria hiyo kama Myahudi kamili, si kama Mkristo anayelipenda Agano la Kale, itakubidi uende Uganda, Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ni nchi ya kahawa, migomba na ukungu wa asubuhi, inayofanana na Mbozi kuliko Mbozi inavyofanana na Dar es Salaam. Habari yenyewe ilianza na mtu aliyepunjwa.

Semei Kakungulu alitoka Kooki, kusini mwa Buganda. Alikuwa mwindaji wa tembo, kisha jemadari wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda, kisha mkono wa kuume wa Waingereza. Mwaka 1899 alikuwamo katika msafara uliowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega. Akavuka mashariki na watu wake wenye bunduki, akaijenga Mbale, akachonga barabara, akapanda miti, huku akingoja neno moja tu litoke kwa Waingereza: kwamba yeye ni mfalme wa nchi hiyo ya Bukedi. Neno halikutoka. Walimpunguzia nchi kidogo kidogo, wakamhamishia Busoga, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa chifu kama machifu wengine.

Mtu wa hali hiyo ama hunywa, ama husoma. Kakungulu alisoma. Biblia nzima ilikuwa imeshatoka kwa Kiganda tangu 1896, naye akaisoma kwa jicho la askari anayesoma amri: kilichoandikwa kinatekelezwa. Kwanza aliwafuata Wamalaki, kundi lililozuka Buganda mwaka 1914 likikataa dawa za hospitali kwa hoja za Maandiko na kuishika Jumamosi. Hata hao baadaye aliwaona wanalegalega. Mwaka 1919 aliamua kwamba tohara ya Ibrahimu haikufutwa popote, akajitahiri, akawatahiri na wanawe. Wenzake wakashtuka wakamwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Wagisu wanaouzunguka mji wa Mbale hutahiri vijana wao kwa ngoma na vumbi, na sherehe yao ya imbalu inajulikana Uganda nzima. Kwao kisu chenyewe hakikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa ni Mganda, tena mkubwa wa watu, kujipeleka kwenye kisu kwa sababu ya kitabu.

Alihamia Gangama, chini ya mlima, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Hawakuwa wamemwona Myahudi hata mmoja. Walikuwa na kitabu na bidii, basi, mengine walikisia. Kwa muda waliendelea hata kubatiza watoto, kwa vile hakuna aliyewaambia waache.

Mwaka 1920 akapita mgeni anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Alikuwa Myahudi wa kuzaliwa, akakaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda na sikukuu, akawaachisha ubatizo, na akawafundisha jambo ambalo kitabu peke yake hakikuwa kimelieleza vya kutosha: jikoni. Namna ya kuchinja. Kisu kiwe kikali kiasi kwamba ukipitisha kucha kwenye makali hukuti pengo. Mkato uwe mmoja usiokwama. Damu itoke yote, na nyama itiwe chumvi ili hata iliyobaki inyonywe. Mnyama aliyechinjwa na mtu wa nje halali kwa mwenyewe, si kwao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1922, Kakungulu alichapa kitabu cha kurasa 90 cha sala na kanuni kwa ajili ya watu wake.

Hapa ndipo historia inapoingia kwenye sufuria, na mimi nina shauku nayo zaidi kuliko vita vya Bukedi.

Fikiria mama wa Kiyudaya wa mwaka 1925. Kwenye bucha ya mjini anayechinja ni Mwislamu, kwa hiyo hanunui. Kitoweo chake ni kile anachokichinja mwenzao mwenye kisu kilichokaguliwa, na ng'ombe hachinjwi kila wiki kijijini. Kuku naye anasubiri sikukuu au mgeni. Hata akiipata hiyo nyama, mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, kondoo na mbuzi hayaruhusiwi. Torati imeyakataza kwa maneno makali karibu sawa na damu. Watu hudhani kupunguza mafuta kumeletwa na madaktari wa sukari na presha. Kumbe kuna kuhani wa kale aliyesimama kwenye mlango wa jiko akisema hayo ya kwenye figo ni ya madhabahu, nyie acheni.

Halafu kuna maziwa. Amri ya kutompika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mama yake imetajwa mara 3 katika Torati, na marabi wakaipanua mpaka nyama na maziwa yasikutane mezani wala chunguni. Nyumba ya Kiyahudi yenye uwezo ina vyombo seti mbili, visu viwili, hata sinki mbili. Nyumba ya Gangama ilikuwa na sufuria moja, labda mbili. Sufuria ya maharagwe haina ugomvi na mtu: si nyama, si maziwa. Wayahudi wa Ulaya wana neno la Kiyidi kwa chakula cha namna hiyo, parve, chakula kisicho na upande. Ndizi, viazi vitamu, muhogo, mchicha, kisamvu, karanga, ulezi, vyote ni parve. Mtu maskini mwenye sufuria moja anayetaka kuishika sheria bila kuivunja hata kwa bahati mbaya atajikuta, bila kuapa wala kujitangaza, anakula mboga za majani na jamii ya kunde siku nyingi za wiki.

Na chakula cha mlima ule kilikuwa tayari kinamngoja. Wagisu wana mboga inayoitwa malewa: machipukizi ya mianzi ya Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa ya kahawia na magumu kama kamba ya katani. Unayaroweka, unayachemsha mpaka yalainike, kisha unayaunga kwa karanga zilizotwangwa. Harufu ni ya moshi, ulimi unadanganyika unadhani umepata nyama kavu. Kijiko cha mafuta ya chupa hakihusiki hapo. Mafuta yote yamekuja ndani ya karanga yenyewe, na karanga mama huipima kwa kiganja.

Huku kwetu tuna neno zuri kwa chakula kisichotiwa mafuta: chukuchuku. Linasemwa kwa kusikitika kidogo. Mgeni akiandaliwa maharagwe chukuchuku, mwenye nyumba anaomba radhi, mwezi umekuwa mrefu. Ndiyo maana wasomaji wengine watanishangaa nikisema kwamba hicho chakula cha kuombea radhi ndicho kilichobeba dini ya watu kwa miaka mingi.

Ulaya haikuwa hivyo, tuseme ukweli. Wayahudi wa Poland na Urusi hawakuweza kupika nyama kwa siagi, zeituni haikumea kwenye baridi ile, na mafuta ya nguruwe hayasemeki; wakakimbilia mafuta ya bata bukini, wakayayeyusha wakayatia kwenye kila kitu hadi mkate. Waliojaribu kuondoa nyama nao waliikumbatia siagi. Katika mji wa Vilna, ambao leo ni Vilnius ya Lithuania, mama aitwaye Fania Lewando alikuwa na mkahawa usiopika nyama. Mchoraji Marc Chagall aliandika kwenye kitabu chake cha wageni. Mwaka 1938 Lewando alichapa kwa Kiyidi kitabu cha mapishi 400 yasiyo na nyama hata moja, akiwahimiza akina mama wa Kiyahudi wale mboga kwa afya. Ukisoma mapishi yenyewe, siagi na mayai vinatiririka. Yeye na mumewe hawakuonekana tena baada ya Wajerumani kuingia mwaka 1941. Kitabu kilibaki, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2015. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba kuacha nyama na kupunguza mafuta ni mambo mawili, na Mbale iliyafikia yote mawili kwa njia fupi zaidi: haikuwa na bata bukini.

Turudi Mbale. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Kundi likagawanyika, wengine wakarudia Ukristo, wachache wakaendelea chini ya wazee kama Samson Mugombe. Wakachunga Jumamosi yao kwa miongo bila kujulikana sana nje. Mwaka 1962 Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, Arye Oded, aliwatembelea akaandika habari zao, na barua zikaanza kuja.

Kisha Idi Amin. Mapema katika utawala wake alivunja uhusiano na Israeli, akapiga marufuku dini ya Abayudaya. Masinagogi yakabomolewa au yakachukuliwa. Waliokuwa karibu 3,000 wakabaki karibu 300. Wengine waliingia Uislamu, wengine Ukristo, kwa sababu mtu ana watoto na anataka walale salama. Waliobaki walisali vyumbani, kwa sauti ya chini. Sala unaweza kuificha. Hata mlo unaweza kuuficha, ukiwa ni maharagwe: askari akichungulia jikoni Ijumaa jioni haoni kitu ila chungu cha mtu maskini kama jirani zake wote.

Kilichofuata tunakijua sisi vizuri kuliko wao. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Vijana wa Tanzania nzima wakaitwa, wanajeshi na mgambo, na huku, wakati huo tukiitwa Mbeya, wako wazee ambao ukiwapa kiti na chai wanakuanzishia kutoka Mutukula. Tarehe 11 Aprili 1979 JWTZ na wapiganaji wa Uganda wakaitwaa Kampala. Sasa kalenda ya Kiyahudi: jioni ya tarehe hiyohiyo ndipo ilipoingia Pasaka, usiku wa kukumbuka kutoka Misri. Abayudaya husimulia hivyo mpaka leo, kwamba Farao wao alianguka mkesha wa Pasaka. Sidhani kama kuna askari wetu yeyote aliyejua anatimiza kalenda ya mtu.

Na Pasaka inarudisha mambo jikoni tena. Wiki hiyo chachu haramu, na sheria inazitaja nafaka 5 tu zinazoweza kuwa chachu: ngano, shayiri na jamaa zake 3. Mahindi hayamo. Mtama haumo, ulezi haumo, mchele haumo. Kwa sheria ya asili, basi, sahani ya ugali na maharagwe ni halali kabisa usiku wa Pasaka. Lakini Wayahudi wa Ulaya, karne nyingi zilizopita, waliongeza uzio: wakakataa mchele, mahindi na jamii yote ya kunde, kwa hofu ya kuchanganyika na ngano kwenye magunia. Wayahudi wa Uhispania na nchi za Waarabu hawakuukubali uzio huo. Mwaka 2002 marabi wa tapo la Konsavativu kutoka nje walikwenda Mbale, wakaketi kama baraza na kuwapokea rasmi watu wapatao 400 katika dini, kuzamishwa majini na yote. Tapo hilo chimbuko lake ni Ulaya na Marekani, lenye uzio wake. Ilikuwa Desemba 2015 ndipo kamati yao ya sheria iliporuhusu maharagwe na mchele wakati wa Pasaka. Mtu wa Mbozi akisikia kwamba wasomi wenye ndevu walikaa wakajadili kama maharagwe yaruhusiwe atacheka, lakini kwa mtu asiyekula kitu kingine hilo si la kuchekesha.

Katika vijana waliolifufua kundi miaka ya 1980 kwenye kilima cha Nabugoye alikuwamo Gershom Sizomu. Alikwenda kusomea urabi Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Mwenzake, Joab Jonadab Keki, mwaka 2004 alianzisha ushirika wa kahawa wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo pamoja, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kahawa ni Arabika, kama ya Mbozi. Mkulima wa Vwawa akienda huko hatahitaji mkalimani wa shambani.

Ila nilitaka kusema juu ya Ijumaa. Jua likizama Ijumaa, kupika ni kazi, na kazi imekatazwa. Mishna, kitabu cha marabi cha karne ya 2 na ya 3, inaorodhesha kazi 39 zisizofanywa Sabato, na kumi na moja za kwanza ni habari ya mkate tangu mbegu mpaka tanuri: kulima, kupanda, kuvuna, kufunga matita, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza niliona mgongo wa mama yangu. Hakuna hata kazi moja hapo ambayo ningehitaji kuchorewa.

Kuchambua ndiko kulikonishika. Maharagwe ya gunia hayaji masafi. Ukiyamwaga kwenye ungo unakuta vijiwe, udongo, punje zilizotobolewa na wadudu. Sisi huchambua kwa kutoa uchafu na kutupa: kidole kinaona kijiwe, kinakidonoa, kinakirusha uani kwa kuku. Marabi wanasema Sabato usifanye hivyo. Ukitaka kula sasa hivi unaweza kuchukua kilicho kizuri kwa mkono ukakiacha kibaya palepale, lakini kibaya usikitoe ukakiacha kizuri. Ni tendo lilelile, ungo uleule, ila vidole vinakwenda kinyume. Nimejaribu. Inachukua muda mara mbili, na macho yako hayatafuti kasoro tena, yanatafuta punje.

Kwa hiyo chakula cha Jumamosi kinachambuliwa na kubandikwa Ijumaa mchana. Wayahudi wa Ethiopia walizima moto kabisa wakala chakula baridi. Waliofuata marabi waliacha chungu juu ya makaa yaliyofukiwa kwa majivu tangu kabla ya magharibi, na kila nchi ikakipa jina lake: hamin, dafina, cholent. Ndani huwa na kunde au maharagwe na nafaka nzima, na asiye na nyama hakosi kitu. Sisi tunaita makande. Mahindi na maharagwe, kitunguu kizima kimetupwa ndani, moto mdogo, subira. Mafuta hayahitajiki, kwa kuwa usiku kucha wanga wa maharagwe unatoka wenyewe na kufanya mchuzi mzito unaoshika kijiko.

Hata kwenye Biblia chakula cha namna hii kipo: Danieli alipoletwa Babeli akakataa chakula cha mfalme, alijaribiwa siku 10 kwa kula mimea na kunywa maji. Kiebrania kinasema tu vitu vilivyopandwa. Wafasiri wa Biblia ya Union walipofika hapo wakaandika mtama. Hawakukosea sana, walimpikia Danieli walichokuwa nacho.

Jirani yangu Tunduma ni Msabato, na Ijumaa kwake huitwa siku ya maandalio. Saa kumi na moja na nusu jioni huwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, anachota majivu kwa mfuniko wa zamani wa ndoo na kuyamwaga juu ya makaa taratibu, mpaka wekundu wote unapotea na kubaki joto. Wiki iliyopita nilisimama kwenye uzio nikamsalimu.

"Shikamoo dada. Umeshatia chumvi?"

"Marahaba. Bado," akasema, bila kugeuka. "Chumvi mapema inayafanya magumu." Akainua kifuniko, akatia, akakoroga mara moja kwa mwiko, akafunika, akaweka jiwe juu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati ya Nakonde.